Mkuu wa Idara Yuko Ndani ya Jeneza

SEONOK: Haloo? Ni nani?

TAK: [anahema] Haloo! Pyo? Pyo, ni wewe?

SEONOK: Nani mwenzangu? Paza sauti, mtandao unakwaruza.

TAK: Siwezi kupaza sauti. Ni mimi.

SEONOK: Mimi wako wengi. Mimi nani?

TAK: Mimi! Mkuu wako wa idara! Tak!

[Beseni linawekwa chini.]

SEONOK: Tak Gyuhwan.

TAK: Ndiye. Kwani namba yangu huna?

SEONOK: Nilikuwa nayo. Niliifuta siku ile ile nilipoacha kazi. Ningejua ni wewe nisingepokea. Nilidhani ni hospitali, Jumamosi huwa wananipigia kuniuliza kama nimelala.

TAK: Sawa, sawa. Sasa sikiliza, Pyo, nina kazi ya haraka—

SEONOK: Kazi?

TAK: Ndiyo, ya haraka sana, unajua mimi sipendi—

SEONOK: Mkuu, mimi si mfanyakazi wako tangu mwezi wa tano. Leo Jumamosi. Hapa mikono yangu imejaa pilipili mpaka kwenye viwiko, mimi na mama tunatengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha ya kupitishia majira ya baridi. Simu nimeibonyeza kwa pua.

TAK: Usikate! Pyo! Bi Pyo! Nakuomba usikate.

SEONOK: Umesema "nakuomba"?

TAK: Niko ndani ya jeneza.

SEONOK: Uko wapi?

TAK: Jeneza! Sanduku la maiti! Nimelala chali, nimevaa sanda ya katani, mikono imefungwa mbele kwa mikono ya sanda yenyewe, giza totoro, na mfuniko hautoki.

SEONOK: Mkuu, umelewa?

TAK: Sijalewa! Ni ile semina. Makao makuu wametuleta idara nzima, huku milimani Gongju. Afya ya moyo kazini. Unapigwa picha ya msiba yenye utepe mweusi, unavalishwa sanda, unalala ndani ya jeneza, wanakufunika. Unakufa kidogo, halafu unafufuka ukiwa na moyo mweupe. Ndivyo wanavyosema.

SEONOK: [anacheka taratibu] Kumbe ni kweli. Nilisikia nikadhani ni utani. Mimi nashtaki kwamba nimeumizwa kazini, kampuni inajibu kwa kuwalaza watu kwenye majeneza.

TAK: Pyo, hayo baadaye—

SEONOK: Miaka yote tunawauzia watu magodoro ya usingizi mwororo, na wewe mwenyewe unalazwa kwenye mbao.

TAK: Hata shuka hakuna! Mgongo unaniuma. Sikiliza. Tuliambiwa ni dakika kumi tu. Zimepita kitambo. Nimesikia wenzangu wanafunguliwa, mmoja baada ya mwingine. Nimewasikia wanalia, wanakumbatiana, wanapiga makofi. Halafu nyayo, halafu mlango, halafu kimya. Wamenisahau humu.

SEONOK: Wamekusahau.

TAK: Ndiyo! Watu kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyehesabu vichwa. Jumatatu wataniona.

SEONOK: Umepiga kelele?

TAK: Nimeita mpaka koo limekauka. Nimempigia Noh wa idarani, inaita hapokei. Nimempigia Gil, hapokei. Cha naye hapokei. Nikaiambia simu, "Mpigie msaidizi." Ikakupigia wewe.

SEONOK: Mpaka leo umeniandika "msaidizi"?

TAK: Sijapata nafasi ya kubadilisha.

SEONOK: Na simu imeingiaje jenezani? Si mliambiwa mziweke kwenye kapu?

TAK: Wao ndio waliambiwa. Mimi ni mkuu wa idara, ghala likinitafuta je? Niliibana chini ya shingo, nikawa naendelea kutoa maagizo wakati yule mwalimu wa semina anaongea. Maneno mengi, mara moyo, mara pumzi, mara "jisamehe." Nani ana muda huo?

SEONOK: Iambie simu yako iite zimamoto. Moja moja tisa. Wanafika mara moja.

TAK: Wazimu huo! Zimamoto waje na ving'ora wanikute nimevaa sanda? Picha zianze kusambaa? Mkurugenzi azione? Hapana. Wewe utapiga kwenye ukumbi wa semina, utaongea kwa adabu, utasema mkuu wa idara amebaki kidogo ndani kwa kutafakari, waje wamfungulie. Kwa adabu, Pyo. Unajua ninavyopenda mambo yangu.

SEONOK: Najua sana unavyopenda mambo yako.

TAK: Basi fanya haraka.

[Maji yanatiririka, kisha yanafungwa.]

TAK: Pyo? Upo?

SEONOK: Nipo. Nimeosha mikono. Mama, nipe simu yako. Hapana, endelea tu na kabichi, ni mtu wa zamani wa kazini. [kwa simu] Mkuu, ngoja nimpigie Noh kwa simu ya mama.

TAK: Hapokei, nimekwambia.

SEONOK: Kwangu atapokea.

[Sauti yake inaenda mbali. Maneno hayashikiki. Kisha kicheko kifupi.]

TAK: Pyo! Umecheka? Nimesikia umecheka!

SEONOK: Hapana, nimekohoa. Pilipili.

TAK: Umempata? Anakuja?

SEONOK: Nimempata.

TAK: Amesemaje?

SEONOK: Amesema nikimwambia aje akufungulie, atakuja mara moja.

TAK: Sasa si umwambie!

SEONOK: Mkuu, humo ndani unaona nini?

TAK: Nitaona nini? Giza! Mbao ziko hapa puani!

SEONOK: Zikoje hizo mbao?

TAK: Pyo, huu si wakati wa—

SEONOK: Utazizoea. Mimi ukuta wangu mpaka leo naweza kukuchorea. Rangi ya maziwa yaliyochacha. Kulikuwa na ufa mwembamba ulioshuka kutoka darini, ukafika usawa wa jicho langu la kushoto, ukapinda. Pale ulipopinda mtu aliwahi kubandika kitu na gundi ikabaki. Nilikuwa naiamkia ile gundi.

[Mtandao unakwaruza.]

TAK: Sasa unataka kuanza mambo ya ukuta.

SEONOK: Sianzi. Wewe ndiye uliyeanza.

TAK: Ule ulikuwa utaratibu wa ofisi. Kulikuwa na mpangilio mpya wa samani.

SEONOK: Meza kumi na mbili zinaangalia dirishani, moja inaangalia ukuta. Haina kompyuta. Haina simu. Haina hata kalamu. Miezi saba. Nikitaka kwenda chooni nakuomba ruhusa, na wewe unaniuliza mbele ya watu, "Kubwa au ndogo?"

TAK: Ulikuwa utani.

SEONOK: Waliocheka waliangalia chini, Mkuu. Mtu akifurahia utani hutazama juu.

TAK: Pyo, naomba. Kifua kinabana. Hewa inakwisha.

SEONOK: Haiishi. Upande wa miguu kuna matundu, Noh ameniambia. Sikuui. Mimi si kama wewe.

TAK: Nilikuua mimi? Si uko hapo unavuta hewa, unapaka kabichi pilipili na mama yako?

SEONOK: Mama yangu alinikuta bafuni nimelala sakafuni na maji yanamwagika, macho wazi, siitiki. Alidhani nimekufa. Mwanamke wa miaka sabini amenivuta kwa kwapa peke yake. Mpaka leo kitanda changu kiko katikati ya chumba, kwa sababu kikigusa ukuta naanza kutetemeka. Wewe daktari wangu utamwambia ulikuwa utani?

TAK: Sikujua hilo la bafuni.

SEONOK: Ulijua. Limo kwenye maombi yangu ya fidia. Wewe ndiye uliyeyajibu. Uliandika kwamba mimi nina udhaifu wa moyo niliotoka nao kwetu, na kwamba niliomba mwenyewe nigeuziwe meza ili nipate utulivu. Utulivu! Alhamisi kamati ya fidia inakaa, na neno lako ndilo litakalonipitisha au kunitupa nje.

TAK: Hilo waliliandika watu wa sheria. Mimi nilitia muhuri tu.

SEONOK: Basi leo utaongea bila watu wa sheria. Uko peke yako.

TAK: Unanitisha?

SEONOK: Nakuuliza kitu kimoja. Uniambie mimi nilikosa nini.

TAK: Mambo mengi! Nidhamu—

SEONOK: Kosa lilikuwa moja. Litaje.

[Kimya.]

SEONOK: Basi nitakukumbusha. Baba yangu alikuwa amelazwa chumba cha msiba, na mimi nimevaa nyeusi, napokea wageni, nawapakulia supu. Ukapiga. Nikapokea. Ukauliza habari za mzigo wa Busan. Nikakujibu. Ukapiga tena. Nikajibu, na mikono ina ubani. Ukapiga tena tunambeba. Mkuu, nilikuwa nimeshika jeneza la baba yangu, simu inatetemeka kiunoni. Nikaizima.

TAK: Mzigo ulipotea siku ile! Mteja alituhama!

SEONOK: Nilizima simu siku moja tu. Niliporudi, meza imegeuzwa.

TAK: Idara haiwezi kuendeshwa na watu wanaozima simu!

SEONOK: Ungependa nizime hii?

TAK: Hapana! Hapana, hapana, usizime. Seonok. Usizime.

SEONOK: Unalijua jina langu, basi. Haya. Hapa kuna kitufe chekundu, naona kwenye kioo. Simu zetu zote hurekodi, wewe ndiye uliyetufundisha, ulikuwa unaturekodi kwenye vikao ili utusute. Nakibonyeza. Nakwambia wazi kwamba nimekibonyeza. Sasa sema.

TAK: Niseme nini?

SEONOK: Anza na jina lako na cheo chako. Halafu ukweli.

TAK: Huu ni unyang'anyi.

SEONOK: Basi lala salama, Mkuu.

TAK: Ngoja! Ngoja, mwanamke wewe! [anahema] Mimi... Tak Gyuhwan, mkuu wa idara ya usambazaji. Nathibitisha kwamba dawati la Bi Pyo Seonok lilihamishwa—

SEONOK: Lilihamishwa? Lina miguu lilitembea?

TAK: Liligeuzwa kwa sababu za—

SEONOK: Na nani?

[Kitu kinagonga mbao mara mbili.]

TAK: Na mimi.

SEONOK: Rudia, mtandao umekatika.

TAK: Na mimi! Mimi ndiye niliyemwambia Noh aligeuze. Hakuomba. Hajaomba chochote. Umeridhika?

SEONOK: Bado. Chakula cha mchana.

TAK: Chakula gani?

SEONOK: Tak, usinichezee.

TAK: Umeniita nani?

SEONOK: Tak. Sijasema Mkuu. Ukitaka nikuite Mkuu toka humo uje unisikilize vizuri.

TAK: [kwa sauti ndogo] Niliwaambia wasile naye.

SEONOK: Naye nani?

TAK: Na Seonok. Niliwaambia anayetaka kula na Pyo Seonok ahamie ukutani naye.

SEONOK: Kwa nini?

TAK: Ili aache kazi mwenyewe. Ukimfukuza mtu kuna malipo, kuna maelezo. Akiondoka mwenyewe hakuna. Kila mtu anafanya hivyo, sikuanza mimi! Na mimi nilipokuwa kijana nilifanyiwa.

SEONOK: Uligeuziwa ukutani?

TAK: Niliwekwa kwenye ghorofa ya chini, karibu na jenereta. Majira mawili ya baridi. Nilivumilia. Sikumshtaki mtu. Sikulala bafuni nikamtia mama yangu hofu. Nilivumilia nikapanda.

SEONOK: Ukapanda ukafika juu, ukatafuta wa kumweka chini.

TAK: Sasa ungetaka nifanyeje? Niwajengee watu bustani?

SEONOK: Nilitaka uniulize. Yule aliyekaa karibu na jenereta angejua kuniuliza. "Pyo, umeshindaje?" halafu akangoja nijibu. Hiyo ndiyo afya ya moyo, Tak. Si picha yenye utepe. Mtu ana mwenzake wa kula naye, ana mtu atakayesema "leo uso wako umeshuka, kuna nini?" basi anafanya kazi mpaka jua linazama na bado anaimba njiani. Mnyang'anye hicho uone. Mimi nilikuwa mfanyakazi wako bora. Nilijua kila lori, kila dereva, kila mteja anayegomba na asiyegomba. Ulinimaliza bila kuniinulia mkono.

[Mtandao unakwaruza.]

TAK: Nimesema yote uliyotaka. Unayo kwenye simu. Sasa mwambie Noh aje.

SEONOK: Ninayo. Subiri niihifadhi. Haya. Nimemtumia mwanasheria wangu.

TAK: Tayari?

SEONOK: Nimejifunza kwako. Kazi ya haraka.

TAK: Mungu wangu. Makao makuu watanila mzima.

SEONOK: Mkuki kwa nguruwe mtamu.

TAK: Haya, umeshinda, umelipa kisasi, sherehekea na mama yako. Mwambie Noh.

SEONOK: Noh hajakusahau.

TAK: Nini?

SEONOK: Nilipompigia nilianza hivyo hivyo. "Noh, mmemsahau Mkuu kwenye jeneza." Akaniambia, "Dada, hatujamsahau."

TAK: Sijakuelewa.

SEONOK: Yale maelezo ya mwalimu, ambayo hukuyasikiliza kwa kuagiza kazi na simu yako shingoni, yalikuwa na utaratibu. Marehemu hafunguliwi na watu wa ukumbi. Anafunguliwa na anayetaka kumwona tena. Mwenzako anatoka, anakwenda kwenye jeneza lako, anagonga, anasema "Rudi," anakufungulia. Gil alifunguliwa na Cha. Cha akafunguliwa na wale vijana wa stoo. Hata yule wa hesabu asiyeongea na mtu alipata wawili.

TAK: Na langu?

SEONOK: Likabaki lako. Wakasimama wote wakiliangalia. Noh anasema kila mmoja alimngoja mwenzake aende. Walingoja sana. Mwalimu akawauliza, "Huyu hana mtu?" Hakuna aliyejibu. Halafu mhudumu akaja akasema supu ya msiba iko mezani. Wakaenda kula.

TAK: Wanakula.

SEONOK: Supu ile nyekundu, ya nyama ya kuchambua. Noh anasema tamu sana.

TAK: Noh? Noh nilimsimamia harusi yake! Mimi ndiye niliyesimama mbele nikatoa hotuba!

SEONOK: Ulihutubia mauzo ya robo mwaka. Mama wa bibi harusi alisinzia.

TAK: Watu kumi na wawili...

SEONOK: Simu zako wote wameziona. Walikuwa wameweka simu zao mezani, katikati ya mabakuli. Zako zikiita, wanatazamana. Noh akaniambia, "Dada Seonok, wewe ndiye mwenye haki. Ukisema tumfungulie, tunakwenda." Nikamwambia kuleni, supu itapoa.

TAK: Seonok!

SEONOK: Nilipocheka ndipo hapo.

TAK: Basi nitakufa humu kweli.

SEONOK: Hufi. Mfuniko hauna msumari wala kufuli. Ulikuwa unauinua, sivyo?

TAK: Nimeuinua kwa magoti mpaka yamechubuka.

SEONOK: Hauinuliwi. Una mfereji, unasukumwa kuelekea miguuni. Mwalimu aliwaeleza mwanzoni kabisa, ili mtu akipata hofu ajitoe. Wenzako wote walijua. Sukuma kwa magoti.

TAK: Kuelekea miguuni?

SEONOK: Sukuma.

[Mbao zinasuguana.]

TAK: Umetoka. Nimefunguka. Mwanga... Lo.

SEONOK: Basi toka.

[Kutoka mbali, vijiko, sauti za watu, kicheko cha wengi kwa pamoja.]

SEONOK: Tak? Umetoka?

TAK: Wanasikika. Wako chumba cha pili. Cha anaiga mtu anavyoongea. [anasikiliza] Ananiiga mimi.

SEONOK: Anaweza sana. Alikuwa akiniigia kwenye ngazi, zamani, kabla hujawakataza kuongea na mimi. Nenda ukale, supu bado ipo.

TAK: Kutoka hapa hakuna njia nyingine. Lazima nipite katikati yao. Hivi, na sanda.

SEONOK: Ndiyo.

TAK: Nikiingia watanyamaza.

SEONOK: Watasimama wakuinamie. Watakupisha kiti cha mbele.

[Mbao zinasuguana tena, taratibu. Zile sauti za mbali zinakatika.]

SEONOK: Umefanya nini?

TAK: Nimerudisha.

SEONOK: Umejifunika?

TAK: Kidogo tu. Mpaka wamalize kula.

[Upande wa Seonok, mama anaita kitu; hajibiwi.]

TAK: Seonok. Jumatatu itakuwaje?

SEONOK: Unaniuliza mimi?

TAK: Nimuulize nani?

SEONOK: Jumatatu watakuamkia vizuri. Utaletewa kahawa. Kila utakachoagiza kitafanywa. Saa sita watatoka wawili wawili, kila mmoja atadhani mwenzake ndiye aliyekualika. Siku ya kwanza utajiambia ni bahati mbaya. Siku ya pili utawatafutia sababu, wana kazi nyingi, wana watoto. Baadaye utaanza kukaa chooni muda mrefu, ili uone kama kuna atakayekuja kukutafuta.

TAK: Wanakuja?

SEONOK: Hawaji.

TAK: Wewe ulikuwa unafanyaje?

SEONOK: Nilikuwa nangoja simu iite. Nikitoka kazini naiweka kifuani naingoja. Ya mtu yeyote. Kuna usiku niliitamani hata yako.

TAK: Kaa basi kidogo kwenye laini. Si lazima uongee. Fanya kazi zako tu, nisikie kuna mtu. Chaji imebaki kidogo, haitachukua muda. Seonok? Nakuomba kama mdogo wangu.

SEONOK: Nakata, Tak.

TAK: Bado, bado, subiri—

SEONOK: Hiyo chaji usiimalize kwangu. Iweke. Huwezi jua, labda mtu atakupigia.

TAK: Nani? Seonok, nani atanipi— Haloo? Haloo?